Nguchiro Achagua Chuo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanatunukiana shahada, palikuwa na Nguchiro aliyetaka kusomea ustawi wa jamii. Alitaka kulea yatima na kupatanisha wanandoa, na alijua kazi hiyo ataiweza. Lakini mama yake alikuwa na shamba moja tu la mtama, na ada ingelipwa kwa mavuno yake. Akikosea chuo, nyumba nzima ingeshinda njaa miaka kumi.

Vyuo vilikuwa viwili. Cha Nyati kilikuwa na lango la mawe na ngoma iliyolia ndi! ndi! kila asubuhi. Cha Bi Kobe kilikuwa banda la makuti. Nyati alijisifu kwamba wahitimu wake hulipwa vibaba vitano vya mtama kwa wiki, na wa Bi Kobe vinne tu.

Nguchiro hakuwa wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akaenda kwa binamu yake Pimbi, aliyehitimu kwa Nyati, akamkuta anatafuna mizizi. Pimbi akamweleza kwamba katika vibaba vyake vitano, vinne hurudi kwa Nyati kulipa mkopo wa ada. Waliosoma kwa Bi Kobe hurudisha kimoja.

"Kumbe wao hubaki na vitatu, wewe kimoja," Nguchiro akasema. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, dada, na ukoo mzima ulinishangilia nikiwa na joho?"

Nguchiro akaingiwa na huruma, kisha hasira. Akaenda kwa Nyati, akamwamkia kwa adabu, akamwambia kwamba nguchiro arobaini wa ukoo wao wanatafuta chuo. Siku ya mahafali, wahitimu wa pande zote wawapikie wageni kwa mtama wa ghala zao wenyewe. Chuo ambacho wahitimu wake wameshiba ndicho watakachojiunga nacho.

Nyati alipofikiria ada za arobaini, mate yakamdondoka. Akakubali papo hapo.

Baadaye akakumbuka kwamba ghala za wahitimu wake ni tupu. Akafungua ghala yake, akampa kila mmoja magunia kumi, akawaonya wafunge midomo. Nguchiro, aliyekijua kiburi cha Nyati, alikuwa akingojea hilo hilo.

Siku ikafika. Vyungu vikatokota, tokoto-tokoto, wageni wakala. Nyuma ya kila mhitimu wa Nyati palibaki magunia tisa. Nguchiro akasimama.

"Mkuu, mtama huu wote ni wa nani?"

Nyati akatazama wageni. Akisema ni wake, ataumbuka. Akatunisha kifua.

"Ni wa wahitimu wangu. Wameupata kwa shahada zao."

"Mmesikia, wageni? Haya, Pimbi, unadaiwa magunia mangapi?"

"Manane," Pimbi akajibu.

"Basi mlipe Mkuu sasa hivi, mbele ya mashahidi."

Pimbi akaburuta magunia manane, puu! puu!, mpaka miguuni pa Nyati. Wenzake nao wakalipa. Nyati alikuwa amelipwa kwa mtama wake mwenyewe.

Pimbi akalibeba gunia lake la tisa kwenda nyumbani. Nguchiro naye akawaongoza ndugu zake arobaini hadi kwenye banda la Bi Kobe, wakajiandikisha.

Wanangu, kabla ya kuingia chuoni, msitazame lango. Waulizeni waliotoka wamebakiwa na nini.