Kaa la Mwisho la Bi Mwasiti

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeshalala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni motoni, maana moto wenyewe ndio ninaotaka kuusema.

Hapo kale, kale kweli, wanyama walikuwa na kijiji chao bondeni. Humo aliishi Kindi. Na Kindi, jamani, alikuwa na maswali! Akisikia neno, hamlali.

"Eti mama, haraka na upesi ni ndugu, au ni majina mawili ya mtu mmoja? Na hima je? Na chapuchapu?"

"Kula, mwanangu," mama yake humwambia, "mdomo nao upumzike."

Mwaka huo ikanyesha mvua isiyo na adabu. Ikanyesha mchana, ikanyesha usiku, ikazima kila jiko kijijini. Mdogo wake Kindi, mtoto mchanga ambaye hata macho hajafumbua, akashikwa na baridi. Akatetemeka, akalia, akatetemeka, mpaka akaacha kulia. Kindi alipoona mtoto halii tena, aliogopa sana.

Mvua ilipokatika, moto ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja tu, Bi Mwasiti mfinyanzi, ng'ambo ya kilima.

"Naenda mimi!" akasema Swala. "Nitakwenda mbio! Kasi! Shoti!"

"Mbio na kasi ni kitu kimoja?" Kindi akauliza.

"Utajua nikirudi," akajibu Swala, na huyoo!

Bi Mwasiti akampa kaa la moto ndani ya kigae, akalifunika kwa majivu. Kabla hajamaliza kusema, "Subiri nikwambie," Swala kashaondoka. Akapanda kilima mbio, upepo ukavuma, majivu yakapeperuka. Kaa likawaka, likawaka, likaisha. Swala akafika kijijini anahema, na kigae kitupu.

"Mnaona?" akasema Kobe. "Jambo hili halitaki papara. Mimi nitakwenda polepole. Taratibu. Aste aste."

"Na polepole na taratibu..."

"Nyamaza, mtoto. Wakubwa tuna kazi."

Kobe akaenda, akapewa kaa, na yeye hakungoja kuambiwa kitu. Aambiwe nini, Kobe mzima? Akarudi kupitia msituni, polepole. Majani yakamdondoshea tone, na tone, na tone. Alipofika, kigaeni mlikuwa na tope la majivu.

Basi ukazuka ugomvi. "Mwendo wako umetuponza!" "Wako ndio umetuponza!" Kindi akamtazama mdogo wake, akamgusa mguu, akaukuta wa baridi. Hakungoja kusikia mshindi. Akatoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichofuata," akasema Bi Mwasiti. "Kuni zangu nazo zimelowa. Kaa hili ndilo la mwisho. Likizimika, hata mimi nitakula chakula kibichi."

Kindi alitamani alinyakue akimbie. Lakini swali lilikuwa linamwasha ulimi.

"Samahani, Bibi. Moto wenyewe hupenda kwenda vipi?"

Bi Mwasiti akacheka, akaketi. "Wenzako waliniambia wao wanakwendaje. Hakuna aliyeniuliza moto unakwendaje. Sikiliza. Kilimani penye upepo, nenda taratibu, ulikinge kwa mkia wako. Msituni penye matone, pita upesi. Na ukiliona linafifia, simama ulipulizie, hata kama umefika mlangoni."

Kindi akashika njia. Kilimani, taratibu. Msituni, upesi, upesi, upesi! Akatokea kijijini, na wote wakamwona.

"Kimbia!" akapiga kelele Swala.

"Polepole!" akapiga kelele Kobe.

"Njoo, mwanangu, njoo!" akalia mama yake mlangoni, mtoto kifuani.

Kindi akachungulia kigaeni. Kaa lilikuwa limefifia, limebaki jekundu kama punje ya mtama.

Kindi akasimama. Tuli, hatua chache tu kutoka kwao, na mama yake analia. Akainama, akapuliza kidogo. Akapuliza tena. Akapuliza mara ya tatu, na kaa likafumbua jicho.

Ndipo akaingia ndani. Moto ukawashwa, mtoto akasogezwa karibu, na baada ya muda mtoto akalia. Akalia kwa sauti kubwa mbaya, na kijiji kizima kikashangilia.

Kindi akakaa, akafikiri kidogo. "Mama, taratibu nimemjua kilimani. Upesi nimemjua msituni. Na hima je?"

Mama yake akamfuta majivu usoni. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Uliza."

Nanyi mnaonisikiliza, hili ndilo funzo lake: usiringie mwendo wako kabla hujajua ulichobeba kinatakaje kwenda. Na mtoto mwenye maswali msimzibe mdomo.

Hadithi yangu nimeifikisha, kigae hiki hapa. Atakayeipeleka kwao, aikinge na upepo.