Taa za Mtaa wa Kivukoni

Ilani ya Kuzuia Uwashaji wa Taa Vizingitini Kabla ya Mgeni Rasmi Kuwasili na Kuthibitishwa Kuwa Amewasili.

Ndilo jina lake kamili, wajukuu zangu, na mpiga mbiu alilazimika kupumzika katikati. Sasa kaeni vizuri. Hiyo sahani ya vitamu iacheni, haina miguu. Kale na kale, mito ilipokuwa ingali ikiitikia salamu, palikuwa na mji, na mji ulikuwa na mfalme, na mwana wa mfalme alifukuzwa akaishi msituni. Akakaa huko, akakaa, akakaa, hata waliomfukuza wakafa na waliobaki wakamtamani. Habari ikaja: anarudi, na usiku wenyewe hauna mwezi.

Katika mji ule aliishi Bi Kesar. Mumewe, Harji, alikuwa mpishi wa yule mwana wa mfalme, akamfuata msituni. Majirani walikwisha kumwita Bi Kesar mjane, tena kwa upole, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ile akafagia nyumba, akachora maua ya unga wa mchele mlangoni, akapika vitamu. Giza lilipoingia akatia samli katika kijitaa cha udongo, akakiwasha kizingitini, mlango akauacha wazi. Nyumba yake ilitazamana na kivuko cha mto, na pembeni mwa kivuko kile maji hayakuwa na huruma kwa mtu.

Akaja Bwana Trikam, Mkuu wa Itifaki, mtu aliyejua upana wa kila zulia la kasri, na ndiye aliyeitunga ile ilani.

“Umemwashia nani, mama?”

“Mume wangu, bwana mkubwa.”

“Amefika?”

“Hajafika. Ndiyo maana nimewasha.”

Bwana Trikam akamweleza kwa subira kwamba taa ni heshima, na heshima hupewa aliyefika. Asiyefika ataipokelea wapi? Akainama, akaipuliza, ikazimika.

 Bi Kesar akaenda kwa jirani, akaomba moto. Jirani akampa, kisha wote wawili wakawasha vijitaa vyao vizingitini. Trikam akapuliza cha jirani. Bi Kesar akamrudishia moto. Akapuliza hapa, pakawaka pale. Akapuliza pale, pakawaka kule. Mtaa mzima ukawa unapeana moto mlango kwa mlango, kama mnavyotuona tukifanya hadi leo usiku wa Diwali, sikukuu yetu ya taa. Pumzi ya serikali ni ndefu, watoto, lakini nayo huisha. Trikam akaketi kizingitini kwa Bi Kesar, akaomba maji. Akapewa, na kitamu juu yake.

Ng’ambo ya mto, watu waliokuwa wakipapasa ukingo wakauona mstari wa moto, wakakijua kivuko. Akavuka mwana wa mfalme. Nyuma yake akavuka mzee mmoja aliyekonda, sufuria kichwani.

“Umechelewa,” alisema Bi Kesar.

“Kulikuwa giza,” alijibu Harji.

Kumbukumbu za kasri zasema mapokezi yaliandaliwa kwa ustadi mkubwa na Ofisi ya Itifaki. Nanyi jivunieni asili yenu: sikukuu hii haikutoka kasrini, ilitoka vizingitini. Asiyefika ndiye wa kuwashiwa taa. Nimeyatua niliyoyabeba, abebe mwingine.

Watu waliwasha taa, na waliokuwa gizani wakaiona njia ya nyumbani.