Weupe Uliomtisha Zita

Wahenga hawakunena ovyo waliposema kuwa mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Maana yake ni kwamba aliyewahi kupatwa na maumivu makali huogopa hata kisicho na madhara, ilimradi kinafanana na kile kilichomdhuru.

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulipozaliwa, Zita, binti wa Akonaay wa Dongobesh, alimwagikiwa na maharage yaliyokuwa yakichemka, akaungua mguu tangu pajani hadi nyuma ya goti. Alilazwa hospitalini muda mrefu. Kila asubuhi waliingia watu wenye makoti meupe, wakabandua kitambaa kilichogandamana na kidonda, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwonya mama yake, Hilda: “Mrudishe Jumatatu bila kukosa. Kidonda hiki kikiachwa, goti litajikunja na mtoto atakuwa kilema.”

Jumapili yake, baada ya misa, padre aliwabariki watoto. Zita alipouona mkono ukichomoza kutoka katika ile kanzu nyeupe, alirudi nyuma hatua mbili. Alipiga ukelele uliowanyamazisha waimbaji, akatimka akiuburuta mguu hadi nyumbani, akajitoma katika zizi la ndama.

Humo alimsikia shangazi yake, Violeth, akitoa hukumu. “Mtoto anayemkimbia padre hana ugonjwa. Ana pepo! Kesho haendi hospitali, anakwenda kwa wanamaombi.”

“Na mguu, wifi?” aliuliza Hilda kwa sauti ya kuomba.

“Daktari anatibu mguu. Habari za pepo atazijua wapi?”

Akonaay alijikohoza, asimpinge dada yake. Zita aliwafahamu wanamaombi wale: walijitanda shuka nyeupe tangu utosini hadi miguuni. Aliuma kiganja chake ili asilie.

Mara mlango wa zizi ukafunguliwa. Gidamis, jirani aliyeendesha mashine ya kusaga, alikuwa amekuja kusaidia, naye ametapakaa unga mpaka kwenye nyusi. “Toka, mwanangu.” Zita alipiga yowe kubwa kuliko la kanisani.

“Kumbe Gidamis naye amepewa upadre?” iliuliza sauti nyuma yao. Alikuwa Verdiana, mwalimu aliyetoka Bukoba, aliyekuja kumjulia hali mwanafunzi wake. “Hebu kanawe, ndugu yangu, halafu urudi.”

Gidamis alinawa, akavua shati, akarudi. Zita alimtazama, akanyamaza.

“Chuoni tulisoma saikolojia, elimu ya akili na mienendo ya watu,” alisema Verdiana. “Maumivu na weupe vilimjia pamoja kila siku, akili yake ikavifunga kwa kamba moja. Mtoto huyu hamkimbii padre. Anaukimbia weupe.”

“Hayo ni ya vitabuni, mwalimu,” Violeth alibeua midomo.

Hilda hakungoja wamalize. Alishika njia ya parokiani, akarejea na padre yule yule, safari hii amevaa sweta kuukuu na mabuti yenye tope.

“Shikamoo, Baba,” alisema Zita, akitoka zizini kwa kuchechemea.

“Marahaba, mkimbiaji wangu!”

Violeth alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Akonaay alimgeukia mkewe. “Kesho mpande basi la kwanza.”

Jumatatu, muuguzi alipoelezwa na Hilda, alivua koti lake, akalitundika mbali, ndipo akakisogelea kitanda. Macho ya Zita hayakubanduka kwenye lile koti lililoning'inia ukutani bila mtu ndani yake, lakini mguu aliunyosha mwenyewe.

Basi asichekwe, wala asisingiziwe pepo, anayekiogopa kisichodhuru: mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.