Fyuzi za Bi Kalunde

Kipimo kibovu hakioni kizima. Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu Sikudhani jana, alipomaliza kuwatia kasoro vijana wote waliokuja kumposa. Mlicheka, na najua mlidhani shangazi kayatunga papo hapo. Hana akili hiyo, ingawa ni dada yangu. Maneno hayo yalitoka sokoni, hapa hapa Urambo, kwenye vibanda vya mafundi redio, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo fundi akiitwa Mihayo. Wenzake walifanya kazi kwa bisibisi na kubahatisha, lakini yeye alikuwa na mita, kipimo cha umeme, ile ya mshale. Unagusisha ncha zake mbili kwenye kipuri. Mshale ukiruka, kipuri ni kizima, ukilala, kimekufa. Hakukuwa na mita nyingine pale, kwa hiyo neno la Mihayo likawa neno la soko zima. Naye alilijua hilo, na kichwa kilikuwa kimemvimba.

Jirani yake alikuwa Bi Kalunde, mjane aliyetandika gunia na kuuza vipuri alivyovitoa kwenye redio zilizokufa. Kilichomlisha hasa ni fyuzi, vile vichupa vidogo vya kioo vyenye uzi ndani, unaokatika ili redio isiungue. Fyuzi za redio za mkononi za zamani hazikuwa zikiletwa tena madukani. Ukizikosa kwenye kopo la Bi Kalunde, umezikosa.

Siku moja Mihayo alinunua fyuzi kwake, akaipima, mshale ukalala. Akairudisha. Akapewa nyingine, nayo mshale ukalala. Akachota konzi nzima ya fyuzi kwenye kopo, akazipima, zote zilikuwa hivyo hivyo. Bi Kalunde alimwonyesha juani kwamba nyuzi hazijakatika.

"Jicho linadanganya," Mihayo alisema. "Mita haidanganyi. Mama, unatuuzia maiti."

Akaziweka zile fyuzi juu ya jiwe akazipondaponda kwa nyundo, ili asije akadanganyika mwingine. Kufikia alasiri hakuna aliyesimama tena penye gunia la Bi Kalunde.

Soko lilikuwa na sheria yake: anayeuza kibovu kwa jina la kizima huondolewa. Mwenyekiti wa soko, Mzee Kasoga, akawaita wote wawili mbele ya watu. Bi Kalunde hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtegemea. Akiondolewa pale, angelala njaa, na kila mtu alilijua hilo.

"Una la kujitetea?" Mzee Kasoga aliuliza, redio yake ya mkononi ikiimba kando yake.

"Ninalo moja, mwenyekiti. Hiyo redio yako inaimba?"

"Inaimba. Kwani huisikii?"

"Basi fyuzi yake ni nzima. Mihayo aipime hiyo."

Mzee Kasoga akaichomoa fyuzi, redio ikanyamaza. Mihayo akaipima mbele ya watu wote. Mshale ukalala. Mzee akairudisha fyuzi mahali pake, redio ikaendelea kuimba.

Sasa, mwenye mita hugusanisha kwanza ncha zake zenyewe kwa zenyewe, aone mshale unaruka, ndipo apime vya watu. Mihayo alikuwa ameiacha desturi hiyo kwa kujiamini. Siku ile akazigusanisha. Mshale haukutikisika. Akaifungua mita mgongoni, maana mita nayo ina fyuzi yake ndani, akaikuta imekatika.

Ya kuibadilisha haikuwapo kwingine ila kwenye lile kopo. Alisimama akilitazama asijue aombe vipi. Bi Kalunde akapekua, akampa moja.

"Chukua, baba. Kama huniamini, ipime."

Watu wakacheka. Mihayo akainamia mita yake kwa aibu. Akaitia ile fyuzi, mshale ukaruka. Akapima kopo lote, moja baada ya nyingine, na kila mara mshale uliruka. Mzee Kasoga akamwambia Bi Kalunde arudi kwenye gunia lake. Lakini zile zilizopondwa hazikuwa na wa kuzirudisha.

"Nilizipima, Bi Kalunde," Mihayo alisema. "Wallahi, nilizipima zote."

"Najua ulizipima, baba," alijibu yule mama, huku akifunika kopo lake. "Lakini kipimo kibovu hakioni kizima."