Kwaya Iliyoimba Kwenye Ngurumo

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mtazifungua tena baadaye. Kwa sasa nitazameni mimi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya kule Tukuyu. Tumwite Mwalimu Asajile. Aliongoza kwaya ya usharika wake miaka ishirini na miwili, na watu walisema akiinua mkono tu, hata wenye mafua wanaimba. Halafu akaugua homa ya uti wa mgongo. Akalazwa wiki tano. Alitoka hospitali akiwa anatembea, anakula, anaongea vizuri kabisa, lakini masikio yote mawili yamekufa. Ukitaka kumwambia neno, unaandika kwenye daftari.

Kanisa lilimpenda, tusiwaonee. Walimwombea, walimpelekea ndizi na maziwa. Kisha kamati ya kwaya ikakaa, ikamwandikia kwa heshima zote: "Mwalimu, umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika." Wakampa nafasi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Uongozi akapewa binti aliyefundishwa na yeye mwenyewe, jina lake Tusekile.

Mnajua jinsi neno "pumzika" linavyouma, likiambiwa mtu ambaye hajachoka?

Miaka mitatu Mwalimu alikaa pale nyuma akitazama viatu vyake. Jumapili nyingine anakuja, nyingine haji. Mwaka wa tatu kwaya ikaalikwa Zambia, kuimba kwenye sikukuu ya usharika mmoja wa Livingstone. Mwenyekiti wa kwaya akasema, "Mwalimu tumwache. Maskini, atakwenda kufanya nini huko?"

Tusekile akasema, "Asipopanda basi yeye, na mimi sipandi."

Basi akapanda. Lakini kabla ya kutoka nyumbani alimwambia mkewe, "Naenda kuwaaga. Nikirudi, habari za kwaya usiniambie tena."

Wakafika. Siku moja kabla ya ibada, wenyeji wakawapa mtu wa kuwatembeza kwenye yale maporomoko makubwa, Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Huyo mwenyeji aliitwa Choolwe. Alikuwa ameendesha malori ya Dar es Salaam miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, tena cha bandarini! Mtu mwema sana. Aliwatafutia makoti ya mvua, akawaonyesha mawe yanayoteleza, akina mama akawashika mkono mmoja mmoja.

Ilikuwa Aprili, maji yamejaa. Wakatoka kwenye miti, wakaingia kwenye daraja jembamba la watembea kwa miguu, na mbele yao mto mzima ukawa unaanguka. Mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu! Na ile sauti, wapendwa! Unamwona mwenzako anafungua mdomo, humsikii. Unapiga kelele, wewe mwenyewe hujisikii.

Kwaya ni kwaya, wakataka kuimba. Tusekile akaanzisha wimbo wao wa Pasaka. Ikawa aibu. Sauti ya kwanza wako ubeti wa pili, besi bado wako wa kwanza, tena wengine wameshamaliza wanafuta maji usoni. Wakarudi kwenye miti wakicheka, lakini kicheko cha watu walioshindwa.

Choolwe akawaambia, "Msijali. Kila kwaya inayokuja hapa inajaribu. Mimi sijaona iliyomaliza pamoja." Kisha akageuka, akawauliza, "Yule mzee aliyebaki darajani ni nani kwenu?"

Wakatazama. Mwalimu Asajile alikuwa bado amesimama pale, peke yake, ameloa, viganja viwili amevibana kwenye chuma cha daraja. Vidole vyake vinacheza, vikifuata mtetemo wa maji.

Mwenyekiti akajibu, "Alikuwa mwalimu wetu."

"Alikuwa? Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ni kiziwi."

Choolwe akamtazama mwenyekiti, akatazama daraja, akasema, "Ndugu yangu, pale darajani ninyi nyote ni viziwi. Yeye peke yake ndiye aliyezoea."

Tusekile alikuwa ameshaanza kukimbia.

Daftari lingeloa, kwa hiyo hakuandika kitu. Alimfikia Mwalimu wake, akamshika mikono, akaitoa kwenye chuma, akaiinua juu. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mahali pa sauti ya kwanza, kama alivyosimama akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakajipanga. Mwalimu akawatazama. Maji yanamtiririka usoni, sijui yapi ni ya mto na yapi ni yake. Miaka mitatu alikuwa hajatazama midomo yao.

Akashusha mkono.

Wakaingia pamoja. Hakuna aliyemsikia mwenzake, hakuna aliyejisikia, macho yote yako kwenye ile mikono. Mikono inawaita besi, besi wanakuja. Inawaambia sauti ya pili ngojeni, wanangoja. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Watalii wakasimama, wakashusha simu zao. Choolwe alikuwa amesimama mbele yao, anahesabu midomo. Mwalimu akafunga ngumi, na midomo ishirini na sita ikafungwa kwa wakati mmoja.

Choolwe akarusha kofia yake hewani, ikaenda na maji. Hakuijali! Alikuwa anarukaruka kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Sasa ninyi mnangoja niwaambie kwamba masikio ya Mwalimu yalifunguka. Hayakufunguka. Alirudi Tukuyu kiziwi vilevile. Lakini Jumapili ile, kule Livingstone, aliyesimama mbele ya kwaya alikuwa yeye, na Tusekile pembeni yake akimwonyesha kwa vidole sauti ikipanda au ikishuka. Mpaka leo wanaongoza wawili. Ile kamati ilidhani mgonjwa ni Mwalimu. Kwaya nzima ilikuwa inaumwa, ikapona darajani.

Na sisi je? Ilibidi mgeni, mtu wa nchi nyingine, aulize, "Huyu ni nani kwenu?" Akiingia hapa leo akatuuliza hivyo, tutajibu nini? Yupo mama aliyewafundisha nusu yenu kusali, alipopata kiharusi tukampelekea sukari, tukampa kazi yake mtu mwingine. Yupo mzee wa kanisa ambaye macho yamepungua, tukamwambia apumzike. Tunawahurumia. Tunawabebea zawadi. Lakini nani kati yetu amewahi kuwaambia, "Njoo, tunakuhitaji"?

Huruma isiyomwachia mtu kazi ni kaburi lenye maua!

Kwa hiyo leo sitoi baraka kwanza. Geukeni mtazame mabenchi ya nyuma. Unamjua aliye wako. Inuka, umfuate pale alipo, umwombe akuongoze. Msiniangalie mimi, inukeni. Mimi nitasubiri hapa mpaka wote wamefika mbele.