Bi Pimbi na Nukta Iliyokaa Peke Yake

Shwaaa. Shwaaa.

Nyamazeni kidogo. Mmesikia?

— Tumesikia.

Ni upepo kwenye majani makavu, au ni mwenye tumbo anapita?

— Ni mwenye tumbo.

Basi sogeeni hapa kwangu, miguu ndani ya shuka, niseme upesi kabla sijaogopa zaidi.

— Sema, tumesogea.

Palikuwa na kijiji cha mawe, na humo wanaishi wanyama wadogo wadogo, akina pimbi, akina kanga, akina panya, na mlangoni, maana mlango ulikuwa mmoja tu, mwanya kati ya mawe mawili, analala Chatu. Chatu ndiye mlinzi. Alijiajiri mwenyewe. Siku aliyokuja alisema, "Jamani, watoto wenu watapotea usiku, nitawalinda, nipeni dagaa tu." Na kweli wakaanza kupotea, usiku uleule, na hilo hakuna aliyelitia akilini.

Kila jioni, dagaa kwenye makopo. Chatu anameza, gulu, gulu, gulu, hatafuni, hata ahsante hasemi. Kila asubuhi watoto wanahesabiwa.

Bi Pimbi alikuwa mama kijana, uzazi wake wa kwanza, watoto watatu. Juzi wakapotea wawili. Kabaki na mmoja, Tundu, anamfunga mgongoni mchana, anamfunga mgongoni usiku, halali. Sasa mtu asiyelala atafanya nini? Akachukua kipande cha mkaa, akaenda kwenye jiwe bapa nyuma ya nyumba, akaanza kutia nukta. Habari za siku za nyuma alimuuliza jirani yake Kanga, ambaye hakumbuki alikoweka mwiko lakini anakumbuka nani alipoteza mtoto lini.

Siku moja, nukta moja. Kwenda kulia, makopo aliyokula Chatu. Kwenda juu, watoto waliopotea usiku huo. Makopo mawili, watoto wanne: tii, juu kushoto. Makopo sita, watoto wawili: tii, katikati. Makopo kumi, hakuna: tii, chini kabisa kulia. Siku kumi, nukta kumi.

Kanga akaja, akainamisha shingo.

"Shoga, jiwe umelitia upele."

"Angalia upele unavyoteremka."

Bi Pimbi akavuta kamba ya mgomba, akailaza juu ya zile nukta. Si kwamba ilizigusa zote, hapana, aliipitisha katikati yao, nyingine zikabaki juu kidogo, nyingine chini kidogo, isimwonee yeyote.

"Basi Chatu anasema kweli," Kanga akasema. "Akishiba, analinda vizuri."

"Kamba inasema tumbo likijaa, wanaopotea wanapungua. Inasema vinakwenda pamoja. Kwa nini, haisemi."

"Na hii huku pembeni?"

Palikuwa na nukta moja imekaa peke yake, kwenye kona chini kushoto, mbali kabisa na wenzake. Makopo, hakuna. Waliopotea, hakuna.

"Hiyo umekosea," Kanga akasema, "ifute."

"Sijakosea. Kwa kamba walitakiwa wapotee watano. Siku ile kulikuwa na nini?"

Kanga akajikuna, akafikiri, akajikuna tena. "Siku ile Chatu alikuwa anajivua gamba. Macho yana ukungu, haoni, hali, kalala tu kama gogo. Hata dagaa hakugusa."

Wakatazamana.

"Siku ambayo mlinzi hakulinda," Bi Pimbi akasema polepole.

Kanga akakaa chini. Kisha akakumbuka jambo, sauti ikatoka nyembamba. "Shoga, mto umekauka. Leo kuna kopo moja tu."

Bi Pimbi akafuata kamba kwa kidole. "Kopo moja, watoto wanne na nusu."

"Nusu mtoto ndiyo ipi?"

"Sitaki kujua. Mimi ninaye mmoja."

Akamkaza Tundu mgongoni, akaenda mlangoni kwa Chatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo wa mgongoni ananona."

"Ananona kwa ulinzi wako, mzee. Njoo uone kazi yako ilivyoandikwa."

Chatu akaburuzika, shwaaa, mpaka kwenye jiwe, na kijiji chote nyuma yake. Bi Pimbi akamwonyesha. Makopo mawili, wanapotea wanne. Makopo kumi, hapotei mtu. Kisha akaivuta kamba ikapita pale, ikazama chini.

"Ukila kumi na nne, mzee, kamba inakwenda chini ya hakuna."

"Chini ya hakuna kuna nini?"

"Chini ya hakuna ni kurudi. Wawili wanarudi."

Chatu hakusikia kurudi. Alisikia kumi na nne. "Mstari haudanganyi," akasema mbele ya wote. "Leteni."

Yakaletwa makopo. Chini kokoto, juu dagaa. Chini kokoto, juu dagaa. Kwani yeye anatafuna? Gulu, gulu, gulu, mara kumi na nne. Akataka kujikunja, hawezi. Akataka kujikunjua, hawezi.

"Mzee," Bi Pimbi akasema, "wawili wetu."

"Wawili gani?"

"Wa kamba. Umesema haidanganyi."

Akapanda mkiani. Kanga akapanda nyuma yake, na mama mwingine, na mwingine, wakamkanyaga kuelekea kichwani kama unavyokamua tyubu ya dawa ya meno. Kwaa, kokoto. Kwaa, dagaa. Kwaa, wakatoka watoto wawili wa Bi Pimbi, wamelowa, wamenuna, wananuka dagaa. Akadhani ndio basi. Kwaa, akatoka mwingine. Kwaa, mwingine. Wakatoka wote ishirini waliopotea.

Kamba ilisema wawili. Ilikosea vibaya, maana aliivuta mpaka mahali pasipo na nukta hata moja, na hakuna mama aliyelalamika.

Hapo ndipo kamba ilipoishia. Aliye juu ashuke, aliye chini apande, tukutane usingizini.

— Tumekutana.

Na funzo lake: mheshimuni mlinzi wenu, mpeni chochote anachotaka, wala msichafue mawe ya watu kwa mkaa.

Ila Chatu, kabla hajaondoka, alimnong'oneza Bi Pimbi, "Binti, nakuomba, kwamba nimekamuliwa na pimbi asijue mwingine." Bi Pimbi akatazama kijiji kizima kilichosimama juu ya mkia, akaapa kwa moyo mweupe. Nami nimewaambia ninyi tu, mlio ndani ya shuka hili. Laleni. Simwambii mtu mwingine.