Jinsi Pwekeni Ilivyokuwa Kisiwa

Nitegeeni masikio, wenzangu. Zamani Pwekeni ilikuwa rasi ya mji wa Mtondoni, watu wakienda huko kwa miguu.

Zimwi la maji likaanza kuumeza mji, nyumba baada ya nyumba. Watu wakalipelekea ng'ombe, likakataa. Wakalipelekea dhahabu, likakataa. Mara ya tatu Shekue, mjenzi wa nyumba za mawe, akalifuata rasini lilikokaa.

"Unataka nini?"

"Mtu wa kukaa nami. Nimechoka na upweke."

Shekue akageuka kumtazama mkewe, Mwanakombo, aliyesimama mbali nyuma yake na mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Nitakaa mimi."

Papo hapo zimwi likaikata ardhi kwa ukucha, bahari ikapita kati ya mume na mke.

Mwanakombo akaingia majini. Yakamfika magotini, kiunoni, kifuani.

"Rudi, mke wangu," Shekue akaita kutoka ng'ambo. "Mtoto atalowa."

Akarudi. Tangu hapo kila chombo kilichojaribu kuvuka kilirudishwa na mawimbi.

Mji ukapona. Watu walipokwenda kumshukuru Mwanakombo, aliwajibu, "Heri mji ungezama, nasi tukazama naye."

Ngano yangu imekoma hapo. Mwenye mtu wake nyumbani, na aende akamshike mkono.